Kulwa, Nimeligeuza Ganda

Kulwa,

Shuleni tulifundishwa barua inaanza na hali. Hali yangu mbaya, ya kwako naijua, basi tuendelee.

Nimekaa na kuinuka mara nne tangu nianze kuandika. Mama ananiuliza kutoka jikoni, "We Doto, hicho kiti kina siafu?" Kamba wako wa baharini, yule mwenye ngumi, amejivua ganda tena leo asubuhi. Ganda lipo hapa mezani kwenye kisahani cha chai, nimelifunika kwa glasi, na sijathubutu kuligeuza. Mtu mzima mimi, mwalimu wa darasa la sita, naogopa ganda la kamba!

Tangi bado liko hapa Kiseke, sebuleni kwa Mama, pale pale ulipoliweka. Maji nabadilisha mimi. Juzi jirani kanikuta nakoroga chumvi kwenye ndoo, akasema, "Ziwa lote lile liko hapo chini, nyie mnatengeneza bahari?" Nikamjibu vibaya. Siku hizi nawajibu watu vibaya hata hawajanikosea. Wanafunzi wakiniamkia shikamoo, nakawia kuitikia mpaka wanatazamana.

Ugomvi wetu unaukumbuka. Wewe ulisema jike tangu siku ile alipojitokeza ndani ya jiwe la baharini uliloagiza Dar, mgeni asiyealikwa. "Angalia rangi, Doto. Dume anakuwa kijani cha kuwaka. Huyu kafifia, kahawia kahawia." Mimi nikasema dume, kwa ukorofi ule. Kiumbe anampiga konokono ngumi moja, gamba linapasuka, tunasikia mpaka jikoni, halafu uniambie ni mwanamke? Ukacheka mpaka ukashika ukuta. "Na wewe je? Nyumba hii nani mkorofi kukuzidi?" Nilikununia siku mbili.

Kwangu haikuwa mzaha. Ulikuwa umeshakubaliana na Sospeter, rafiki yako wa Pasiansi, kwamba atamleta dume wake wakae pamoja. Nikakwambia ukikosea, mmoja anauawa hapa hapa mbele ya macho yetu. Ukasema haya, rangi tu haitoshi, tusubiri ajivue ganda tuangalie tumboni. Ukanichorea nyuma ya kalenda. Dume ana vijiti viwili vyembamba, pale inapoanzia miguu ya mwisho ya kutembelea, na kwenye ganda vinabaki. Jike hana. Ana mstari mdogo tu kifuani, kati ya miguu ya kwanza. Ulichora vibaya, kama kawaida yako, lakini nilielewa.

Halafu ukalazwa, ukaniachia kazi ya kumlisha.

Asubuhi ile nilimkuta kalala mchangani, mweupe mweupe, macho yapo, ngumi zipo, miguu yote ipo. Nikamgusa na kijiko, hakutikisika. Mimi nilidhani kujivua ganda ni kama nyoka, kunabaki kangozi kama kipande cha nailoni. Sikujua ganda linatoka zima na macho yake. Nikalia. Nikakupigia simu wodini, mjinga mimi, nikamwambia mgonjwa, "Kulwa, kamba wako amekufa."

Pumzi yako ilikuwa inakwaruza. Kisha ukasema, "Usimtupe." Basi, nesi akaichukua simu.

Na nilikuwa nimeshamtupa, Kulwa. Nilimtupia bata wa jirani. Jioni ile ukafa.

Siku ya tatu baada ya kukuzika nilianza kuchota maji ya tangi nikamwage, nipate nafasi ya wageni kukaa. Mkono wangu ukiwa ndani, macho mawili yakachomoza kwenye tundu la jiwe, moja likaniangalia, lingine likaangalia ndoo. Nilipiga ukelele, shangazi wakaja mbio wakidhani nimepagawa. Tangu hapo sina raha. Ulikufa ukiamini kamba wako kafa mikononi mwangu? Au ulijua? Hilo "usimtupe" lilikuwa la kusikitika, ulitaka umwone mara ya mwisho? Au ulikuwa unaniambia, we mjinga, hilo ni ganda, liweke uangalie tumbo? Nalisikia nikiwa nasahihisha madaftari, nalisikia nikiosha vyombo. Nimejaribu kulisema kwa huzuni, nimejaribu kulisema kwa kejeli, na kote kote linafanana na wewe.

Sospeter anataka kumleta wa kwake kesho. Kapiga simu mara mbili tangu asubuhi. Siwezi kumwambia njoo, siwezi kumwambia usije. Ngoja. Ngoja niligeuze.

Nimeligeuza. Nimevaa miwani ya Mama juu ya miwani yangu. Miguu ya mwisho, hakuna kijiti. Nimehesabu upya kuanzia mbele, nimewasha tochi ya simu, hakuna. Kifuani, kati ya miguu ya kwanza, mstari upo. Jike. Jike, Kulwa! Ulikuwa umepatia. Nimekimbia na kisahani mkononi mpaka chumbani kwako, nikafungua mlango na mdomo kwa pamoja. Mama ametandika kitanda.

Sasa nimerudi kukaa. Kisahani kipo, sikulidondosha ganda. Sospeter nimemwambia aje. Nakuahidi hivi: nitaweka kioo katikati ya tangi kwanza, waonane tu bila kufikiana, na sitakitoa kwa haraka zangu hizi unazozijua. Na siku nikikitoa nitakaa hapo na wavu mkononi, mpaka niridhike kwamba hawaumizani. Majirani nitajitahidi niwajibu vizuri. Hilo la mwisho usilitegemee sana.

Nakuaga, kaka, ila sijui kuaga. Nimeamua kuamini kwamba ulijua. Huwezi ukawa hukujua, wewe uliyenichorea kila mguu. Kama ulijua ni ganda, basi pale kitandani ulikuwa unasubiri nikwambie nimeona nini tumboni, na mimi nikaumaliza muda wako kwa kilio.

Ni jike, Kulwa. Nimekosea mimi. Jibu lako ndilo hilo, limechelewa.

Doto