Leo Nimechomoa Diski ya Baba

Jumamosi. Jua limetoka mapema hapa mtaani kwetu Section 58, na upepo umeleta vumbi hadi kwenye sufuria zangu. Sijali. Leo nina furaha ya kijinga, ile ya kumfanya mtu aimbe akipangusa meza.

Nimechomoa diski.

Najua inaonekana ni kitu kidogo, kwa hivyo wacha nikiri yote. Kwenye korido yetu kuna ruta ya intaneti, na nyuma yake nilichomeka diski yenye video za familia, ili TV na simu zote za nyumba ziweze kuziona bila waya. Hiyo diski imekaa hapo miaka mitatu. Nimekuwa nikifagia kando yake. Nimekataa ukuta ule upakwe rangi. Na stima ikipotea na kurudi, kitu cha kwanza ninachoangalia si friji, ni taa yake ndogo ya bluu.

Ni woga tu. Diski ya kwanza niliiua mwenyewe. Nilikuwa nakopi picha za ubatizo wa mtoto wangu, nikachoka kungoja, nikaichomoa vile unavyochomoa chaja ya simu. Haikusomeka tena. Fundi wa huko mjini aliiangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Pole, madam." Tangu siku hiyo kuchomoa naogopa, na kukopi naogopa.

Na hii ya pili ndiyo iliyo na Baba.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kuvaa tai hata akipeleka maziwa. Lakini siku aliyostaafu tulimpeleka Kikopey kula nyama, redio ya bucha ikapiga wimbo wa ujana wake, naye akasimama na mfupa wa mbavu mkononi, akacheza. Dakika nne nzima! Mama ndiye aliyeshika simu yangu kurekodi, ndiyo maana picha inatingika na kicheko chake kinafunika wimbo. Baba alituacha mwaka uliofuata. Simu nayo iliibwa. Video imebaki kwenye diski hiyo moja, na kwingine kokote haiko.

Sasa, Mama amekuwa akibishana na Shangazi, dada yake Baba. Shangazi anaapa kwamba ndugu yake hakuwahi kucheza maisha yake yote, na kwamba Mama anamsingizia marehemu. Leo mchana Shangazi alikuwa anakuja kumtembelea Mama huko Gilgil. Nyumbani kwa Mama hakuna intaneti, na simu yake ni mulika mwizi, ile ya kupiga na kupokea tu, lakini TV yake ina tundu la diski. Kwa hivyo saa nne asubuhi Mama alikuwa mlangoni pangu, mkoba kwapani, amekuja kuchukua ushahidi.

Ningemwambia nini? Kwamba mtoto aliyemsomesha anaogopa kuchomoa kitu cha ukubwa wa kiberiti?

Nikampa chai na rimoti ajistareheshe. Nikaenda korido, nikasoma maelekezo ya ruta mara mbili kama ninayengoja mtihani. Fungua ukurasa wa ruta kwa simu. Neno la siri liko kwenye stika chini ya ruta. Tafuta sehemu ya diski, bonyeza pa kuitoa salama, ngoja taa izime, ndipo uchomoe.

Nikabonyeza.

Ikakataa. Ikasema diski inatumika. Kisha ikanionyesha kitufe cha pili: itoe kwa nguvu.

Naandika hili kwa aibu: kidole changu kilikuwa tayari juu ya hicho kitufe. Nilikuwa natokwa na jasho na nilitaka tu yaishe. Ndipo nikasikia wimbo kutoka sebuleni, na kicheko cha Mama, halafu kicheko cha Mama tena. Kimoja kilikuwa cha kwenye TV na kingine cha kwenye kiti.

"Mum! Unaangalia nini?"

"Namwangalia babako. Kwani?"

"Ndiyo maana diski inakataa kutoka. Zima kwanza!"

"Sasa utamtoa aje na hajamaliza kucheza? Kuja ukae, Ciru. Ngoja amalize."

Nikaja, nikakaa. Tuliangalia hadi mwisho kabisa, pale Baba anaporudisha mfupa kwenye sinia, ananyoosha tai, na kujifanya hakuna kilichotokea. Mama akafuta macho, akazima TV. Nikamweleza kwamba lazima kwanza niiambie ruta diski inataka kutoka, ili imalize ilichokuwa ikifanya.

"Kumbe ni kuaga tu," akasema. "Hata mtu hawezi toka kwa watu chakula kikiwa mdomoni."

Maelekezo yote niliyosoma, hakuna lililowahi kunieleza hivyo.

Nikabonyeza tena. Safari hii ikakubali. Taa ikapepesa, ikapepesa, ikazima. Nikavuta. Diski ilikuwa na joto kiganjani, na nilitembea nayo hadi kwenye laptopu kama niliyebeba yai. Nikafungua. Kila kitu kilikuwepo. Nikapiga kelele hadi Mama akamwaga chai.

Halafu nikakopi. Nilingoja hadi mwisho, mikono nimeikalia, na laptopu nayo nikaiaga kabla ya kuchomoa. Mama akaifunga diski kwa kitambaa, akaitia mkobani, akaenda zake Gilgil.

Saa kumi hivi simu ikalia. Namba ilikuwa ya Mama, sauti ilikuwa ya Shangazi. Hata hakunisalimia.

"Ciru, huyu ni brother yangu kweli?"

"Ni yeye, Auntie."

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Tumemwangalia mara tano. Mama yako ananicheka tu. Si unitumie na mimi kwa simu, nikae naye?"

Watu wa familia wameniomba hiyo video miaka hii yote, na kila mara nimewaambia nitaangalia. Leo nimesema, "Natuma sasa hivi, Auntie." Nikatuma. Kisha nikamtumia kaka yangu huko Eldoret bila hata kuombwa, na amenipigia simu papo hapo, wimbo ukilia nyuma yake.

Nimemkumbuka Baba sana leo, na nimecheka sana leo. Zamani kila nikiitazama hiyo video nilikuwa nawaza huenda ndiyo mara ya mwisho. Asubuhi hii nimemtazama yeye tu.

Sasa anacheza katika nyumba nne.