Kinachofaa Kishonewe Mwingine

Mpwa wangu Hamisi,

Utaniwia radhi kwa kukuandikia kwa kalamu, wewe uliyezoea kunitumia sauti kwa simu na kumalizia kila jambo kwa "sharp, Mjomba." Nilikukemea kwa hilo tangu mwaka 2015, uliponichukua kutoka Tanga, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, ukanileta Johannesburg. Hukubadilika. Sasa nyumba imekosa wa kukemewa.

Duka lako hapa Malvern halijafungwa. Mama yako ndiye anayeketi penye cherehani yako. Misumari uliyotundikia vipande vya majaribio ingali ukutani, na vipande vipya vimeongezeka. Unakumbuka ulivyochekwa? Mtu analeta kitambaa cha suti. Wewe unakata ukanda mwembamba wa pembeni, unauloweka katika maji ya moto, unaupiga pasi, ndipo unasema kama utashona. Yule mama Mkongo auzaye vitenge ng'ambo ya barabara alikuwa akipaza sauti: "Docteur, mugonjwa atapona?" Nawe ulimjibu bila kuinua kichwa: "Mama, subiri majibu."

Nilikustahi zaidi siku ile ya bwana harusi. Kitambaa chake kilikuwa kizuri, hata mimi nilikitamani. Ulimrudishia. "Kaka, hiki kikilowa kitakubana mbele ya wakwe." Alikutukana, akaondoka nacho. Wewe ukarudi kwenye mito uliyokuwa ukiishona kwa mabaki, ukaniambia, "Mjomba, mimi nikifa, kinachofaa kishonewe mwingine." Nikakutaka uache mizaha. Ukasema si mzaha. Mama yako alikuwa anasikia.

Teksi ilipokugonga pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, za Jules Street, tulikukuta hospitalini, kifua kikipanda na kushuka kwa nguvu za mashine. Daktari mmoja, mwanamke asiye na haraka, alitueleza kwamba ubongo wako umekufa na hautarudi. Mwenzake alikuwa amerudia vipimo vyote. Mama yako ndiye aliyetamka kwanza yale maneno yako. Mimi niliyatafsiri kwa Kiingereza. Sikuyamaliza kwa mara moja, Hamisi.

Tukakubali viungo vyako wapewe wagonjwa. Figo zilionekana njema. Ini lilitiliwa shaka, kwani picha ilionyesha kwamba huenda limejaa mafuta. Zile kota zako za kila mchana, robo ya mkate iliyosheheni chipsi! Basi daktari aliomba ruhusa ya kuingiza sindano ndefu na kutoa kipande chembamba kama uzi, kitazamwe kwa hadubini kabla ya upasuaji, na kabla ya kumwita mgonjwa aliyekuwa akilisubiri ini hilo.

Mama yako alisimama. "Wamchome tena? Mtu anatoa zawadi, nao wanaikagua?"

Hakuiogopa sindano. Aliogopa kwamba kitu cha mwisho ambacho mwanawe angeweza kumpa mtu kingekataliwa. Nikaikumbuka misumari yako. Nikasema, "Dada, huu ni ule ukanda wa pembeni. Wanauloweka kwanza." Akaketi, akamwitikia daktari kwa kichwa.

Tulisubiri majibu kama wateja wako. Alasiri daktari alirudi, akavuta kiti karibu na mama yako. Alisema mafuta ni mengi mno. Ini hilo lilikutosha wewe, lakini mgonjwa dhaifu angeweza kuzinduka nalo likiwa halifanyi kazi. Figo wangezichukua, ini wasingelichukua. Nilitafsiri polepole, nikijiandaa kumshika dada yangu.

Hakulia. Aliuliza, "Na yule anayesubiri, ameshaambiwa?"

"Hajaambiwa."

Akashusha pumzi. "Basi vema. Hata Hamisi angekirudisha."

Daktari alitaka kujua mama amesema nini. Nilijaribu kumweleza habari za ukanda na maji ya moto. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaushika mkono wa mama yako, akakaa nao.

Figo zako ziko kwa watu wawili ambao hatuambiwi majina yao. Tulikuzika kesho yake, na ini lako likiwa nawe. Nimefundisha vijana wengi, wengine wakawa wakubwa. Sijaona mwingine ambaye kazi yake ilimfundisha mama yake namna ya kumpoteza.

Tangu siku ile dada haniruhusu kugusa chipsi. Nami ninakuahidi hivi: zamu yangu ikifika, waniingize sindano ileile, wautazame uzi wangu. Kinachofaa kishonewe mwingine. Kisichofaa nitakuja nacho huko uliko, wala sitaona haya, maana umenitangulia.

Lala pema, fundi.

Mjomba wako