Hakimu Yuko Chini ya Nani

Mama, shikamoo.

Yule ng'ombe uliyemwacha na mimba amezaa jike. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza. La pili ni gumu: mimi na kaka Aminieli tumefikishana mahakamani. Usishtuke, nisikilize.

Baada ya kukuzika, ukoo ulikaa ukanichagua mimi kuwa msimamizi wa mirathi. Aminieli alimaliza chai yake, akaondoka. Kumbe alimwambia baba mdogo, "Kihamba cha Mama, shamba la ukoo, kishikwe na mtu aliyeolewa huko Shirimatunda?"

Nikaenda mjini kufuata cheti chako cha kifo. Unanijua, nimerithi mdomo wako. Nikamuuliza dada wa dirishani, "Ninyi ni watu wa afya?"

Akacheka. "Hapana. Vizazi na vifo viko wizara ya sheria."

Nilikaa kwenye benchi nikishangaa. Mtu anafia hospitali, anazikwa na kanisa, halafu kifo chake kinaandikwa na watu wa sheria! Wewe uliyekuwa ukimuuliza kila ofisa yuko chini ya nani, ungefurahi. Nilishika simu nikupigie, Mama. Nilishaitafuta namba yako ndipo nikakumbuka.

Nilipofungua mirathi mahakama ya mwanzo, Aminieli akaweka pingamizi. Hakuishia hapo. Akaenda kwa mkuu wa wilaya, amwagize hakimu anikatae. Niliogopa sana, maana hata mimi niliamini hakimu anaweza kuagizwa. Nikamwendea karani wa mahakama, mzee mpole.

"Samahani baba, hakimu yuko chini ya nani? Wizara ya sheria?"

Akaweka kalamu chini. Akaniambia wizara ile inashughulika na sera na sheria zenyewe. Polisi na magereza wako mambo ya ndani. Mahakama ni mhimili wa dola unaojitegemea, una Jaji Mkuu wake, na hata yeye hampigii hakimu simu kumwambia kesi aiamueje. Asiyeridhika anakata rufaa.

"Sasa anamsikiliza nani?"

"Sheria, mama. Na ninyi wenyewe mkija na ushahidi."

Kumbe Aminieli naye alijibiwa hukohuko wilayani: "Hilo ni la mahakama, hatuingilii."

Siku ya shauri, hakimu, binti mdogo kuliko mimi, alimwacha kaka aseme mpaka akaishiwa maneno. Kisha akamuuliza taratibu, "Unaogopa nini hasa?"

Aminieli akalia, Mama. Mbele za watu. Akasema amejenga pale, amekuuguza pale, na hana karatasi hata moja yenye jina lake. Anaogopa nitamfukuza. Mimi dada yake sikuwahi kujua.

Hakimu alinithibitisha, akanionya kwamba msimamizi si mwenye mali. Nje, kaka hakuniaga. Lakini juzi alikuja kwangu na mkungu wa ndizi, akasimama mlangoni.

"Orodha ya warithi unaipeleka lini?"

"Jumatatu. Ingia kwanza, kaka."

Akaingia.

Basi lala, Mama. Jina lake nimeliandika la kwanza, juu ya langu. Na nakuahidi, tukikaa kugawana, nitasimama mbele ya ukoo wote niseme pale alipojenga ni pake.

Mwanao,
Ndeshi