Matanga Yangu Masikioni

Goma, Jumanne, mwezi wa sita. Mwaka wa kumi na tisa nje ya Masisi.

Wamenililia, na mimi ni mzima.

Leo nilimpelekea Mama Furaha, muuzaji wa mtaa wa Ndosho, ekuteri mbili za kusikilizia muziki nilizotengeneza. Tukabadilishana: akanipa MP3 kuukuu iliyokufa, iliyoachwa na mteja wa huko kwetu. Waya wa betri ulikuwa umekatika. Niliuunga palepale, nikaweka ekuteri masikioni nijaribu.

Ikaja sauti iliyorekodiwa humo, ya Bahati, mdogo wangu, ambaye sijapata habari zake tangu tukimbie vita. Yu hai! Lakini alikuwa analia, anataja jina langu, na watu wanaimba nyimbo za matanga. Kisha akasema: “Kaka alikufia njiani. Shamba lake tumewaachia watoto wangu, wamkumbuke.”

“Muzee, unasikia nini? Sura imebadilika,” aliuliza Mama Furaha.

“Nasikia matanga yangu.”

Alicheka mpaka akashika meza. “Basi, papa, walipika nini?”



Miaka yote niliogopa kwamba shamba limeporwa na adui. Kumbe limechukuliwa kwa machozi, na machozi ya kweli, maana nilisikia pumzi ya Bahati ikikatika kwa kilio. Nikitokea kule Masisi mlimani leo, watoto wake watafungasha vitu vyao, na safari hii atakayewahamisha ni mimi. Labda nimtumie tu salamu, ajue kwamba... Hapana. Ataninyenyekea, atanirudishia kila kitu.

Sitarudi Masisi.