Mwalimu Amegoma Kutuamulia

Alhamisi

Kumbe kuachiwa uamuzi nako ni mzigo. Mwalimu Shabani wa klabu ya kompyuta hataki kabisa kutugawia kazi. Kila mtu achague mwenyewe kipande cha programu ya kupanga matokeo ya mtihani, na anayeona kosa aseme. "Mimi si bosi wenu. Amueni!"

Leo tumeamua. Kaka Juma wa kidato cha sita alisimama kwa heshima zote: "Mwalimu, tumekubaliana wote uamue wewe."

Mwalimu alishika kichwa.

Mimi nilikuwa nimeona kosa. Programu inampa nafasi ya kwanza mwenye pointi chache, sawa, kwetu chache ndizo bora, lakini aliyelala nyumbani siku ya mtihani ana sifuri, kwa hiyo anaongoza shule! Kesho matokeo yanabandikwa. Na kipande hicho ni cha Kaka Juma. Mtoto wa kidato cha pili nimkosoe vipi?

Nikamsogelea. "Shikamoo, Kaka."

"Marahaba."

"Shikamoo."

"Neema, hii ya nne leo. Sema shida yako."

Nikasema, macho kwenye viatu. Akaangalia kompyuta, akacheka, akaniachia kiti.

Nimerekebisha mwenyewe. Sasa anaongoza mtu aliyefanya mtihani. Kwa bahati mbaya si mimi.