Nilipojiinamia Mbele ya Afisa wa Watoto

Mdogo wangu Somoe,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, shemeji na mama yetu. Je, goti la mama linamruhusu kusali amesimama? Na mikorosho ya Marambo, mmeipulizia dawa ya salfa kwa wakati? Mimi mwili hauna ugonjwa. Mengine utayasoma.

Tangu tumzike mwanangu Hadija huku Italia, nimekuwa nikijifunza Kiitaliano ili niachiwe kumlea binti yake, Zainabu. Mtoto ana miaka saba, baba yake aliwaacha zamani, na Kiswahili chake huishia kwenye "shikamoo babu".

Kila asubuhi nilikwenda darasa la wageni kwenye maktaba. Nilidhani miaka niliyofundisha Kiingereza Nachingwea na Ruangwa ingenibeba. Maneno mengi yanafanana na ya Kiingereza, kisha yanakusaliti: lile linalofanana na "parents" ya Kiingereza, yaani wazazi, kwao maana yake ni ndugu wote. Hata vitu vina jinsia: ukuta ni mume, mlango ni mke. Kitenzi chao humbeba mtendaji kama chetu, ila sisi humweka mbele, wao humweka mwishoni. Nilijaza madaftari manne. Mwalimu wetu, binti mdogo, akaniambia, "Mzee, daftari lako linazungumza kuliko wewe." Darasa likacheka. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba mimi sitamki sentensi isiyo sahihi.

Wiki iliyopita mimi na Zainabu tuliitwa kwa afisa wa watoto, anayeamua nani amlee. Aliniuliza kama nahitaji mkalimani wa Kiingereza. Nilikataa, nikitaka aone nimejifunza. Akauliza, "Mtoto akiugua ghafla, utafanya nini?" Maneno yote nilikuwa nayo. Lakini unajua kwetu: mzee akiulizwa habari ya mtoto mbele ya watu hajibu papo hapo. Hujiinamia kwanza, waone ameipima. Nikainama, nikaipanga sentensi. Akarudia swali. Nikainua mkono asubiri. Zainabu akanivuta kanzu, akaninong'oneza kwa lugha yake, "Babu, sema. Hata vibaya."

Nilipofungua kinywa, yule afisa alikuwa ameshaandika. Nilisema sentensi yangu yote bila kosa. Alinisikiliza kwa upole, kisha akafunga jalada.

Jana shangazi wa Zainabu, dada wa baba yake, ambaye ndiye aliyepewa kumlea, alikuja kumchukua kwenda mji mwingine. Nitaruhusiwa kumwona mara moja kwa mwezi. Mlangoni mwa gari mtoto akaniambia, "Shikamoo babu," kwa kuwa hana Kiswahili kingine cha kuagia. Sikumsahihisha. Nikaitikia, marahaba.

Mama asiambiwe habari hii ghafla. Msubirini kaka yetu Rashidi afike kutoka Likunja, akae karibu naye, ndipo mseme.

Nawe, Somoe, nisamehe. Ulipokuwa darasani kwangu ulikosea sentensi moja ya Kiingereza, nikakusimamisha mpaka kengele ikalia. Hukunyoosha mkono tena hadi ulipoacha shule. Miaka yote hii nilijisifu kwamba nilikufundisha usahihi.

Nisalimie shemeji, wanao wote, na jirani yetu fundi baiskeli aliyenisindikiza stendi siku ya safari. Mama mpe mkono wangu.

Nijibu upesi. Ukimaliza kuandika, usirudie kusoma ulichoandika. Kitie kwenye bahasha hivyo hivyo.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu Hamisi