Gari Lisilo na Haraka

Mjukuu wangu Kokushubira,

Hapa Nyanga tunaamka salama. Bibi yako mguu umepona, ila mnyauko umemaliza nusu ya migomba.

Umeniuliza kama uweke sili za bei rahisi, zile mpira za kuzuia oili isivuje, kwenye injini uliyoishusha. Miaka ile baada ya vita, UKIMWI ulipokuwa unatumalizia watu, nilishusha injini ya pikapu iliyokuwa ikirudisha maiti vijijini, maana kwetu mtu huzikwa kwenye kibanja cha ukoo, kati ya migomba. Sili orijino zilikuwepo dukani. Nikachukua za bei rahisi, nikamwambia dada yangu Atugonza, aliyeniletea chakula gereji, "Gari la maiti halina haraka." Tukacheka wote.

Mwaka uliofuata Atugonza akaugua, na gari pekee nililopata la kumtoa kijijini Rubafu kwenda hospitali mjini lilikuwa lile lile. Kwenye mlima sili ya nyuma ikaachia, oili ikamwagika yote, injini ikanoki, gari likazima. Atugonza akafungua macho, akaniuliza polepole, "Si ulisema halina haraka?"

Alifia pale barabarani.

Injini ilipotengenezwa, mwili wake ukingoja hospitali, nilifunga sili orijino, nikampeleka kibanjani kuzikwa. Njia nzima haikuvuja hata tone.

Ni mimi babu yako.